Kesi ya Muuguzi wa Busunzu

Haisi ilipotoka Busunzu kuelekea Kasulu, Castory alikuwa akisinzia. Sauti ya muuguzi aliyeketi mbele yake ikamzindua.

“Nilimlalamikia mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi,” alikuwa akimweleza mama wa pembeni, ambaye hakumjua. “Alikataa kumtetea mwenzetu aliyepangiwa zamu za usiku akiwa na kichanga. Basi kanishtaki kwa utovu wa nidhamu. Leo nasikilizwa na kamati, na anayeiongoza ni yeye huyohuyo.”

“Mana yanje! Mungu wangu!” mama akashika kichwa. “Kwetu Munanila, ng'ombe wako akila shamba la jirani, si wewe unayeketi kuamua kesi. Waombe mtu wa nje, mwanangu.”

“Niliomba. Wakasema mambo ya chama hayatoki nje. Wakinifukuza chamani, nani atanitetea kazini?”

“Na hao wajumbe wengine, hawana midomo?”

“Wanamwogopa, mama.”

Castory akaketi wima. Alikuwa mmoja wa wajumbe hao. Asubuhi ile mwenyekiti alimpigia simu kumwambia kwamba uamuzi umeshapita, kazi yake ni kunyoosha mkono tu, naye akajibu, “Sawa, mkuu.”

Gari likasimama stendi ya Kasulu. Muuguzi alishuka, akaangaza huku na huku, kisha akamgeukia Castory aliyekuwa akishuka nyuma yake.

“Shikamoo, baba. Ofisi ya chama cha wafanyakazi iko upande gani?”

“Marahaba,” alisema Castory. “Twende wote. Nami naenda hukohuko.”