Bi Mzuka, Dada Yetu Aliyetutia Hofu na Kicheko

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha yake, naye mwenyewe alishanionya nisiyasome kwa sauti ya kilio, kwa hiyo mnisamehe mkiniona natabasamu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mzuka, alizaliwa tarehe 3 Juni 1949, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na alikuwa mwoga kupita kiasi, hata chooni mchana kweupe alitaka asindikizwe. Alianza shule Januari 1957, akamaliza darasa la saba Novemba 1964, baada ya kurudia darasa la nne, si kwa kukosa akili bali kwa mdomo, maana mwalimu alimtoa nje mara nyingi kuliko alivyomfundisha.

Februari 1966 aliajiriwa katika duka la ushonaji, ambako mama mzazi wa mwenye duka hakujua lugha nyingine ila Kihindi, akamfundisha pindo na vifungo kwa Kihindi, akamkaripia kwa Kihindi, na ilipofika mwaka wa tatu dada aliweza kugombana naye bila kukwama hata neno moja, kisha wakanywa chai pamoja.

Jumatano tarehe 6 Agosti 1975 aliitwa kwenye ukumbi wa sinema kushona pazia jeupe lililochanika, siku ambazo ukumbi ulikuwa taabani, filamu zilizokuwa zikiletwa ni za Kihindi na watazamaji hawazielewi, na meneja alikuwa ameshawatangazia wafanyakazi kwamba mwezi ukiisha atafunga milango na jengo liwe ghala la saruji. Dada alipokuwa juu ya ngazi na sindano yake, fundi wa mashine akawa anajaribu filamu mpya, na wote waliokuwapo wakaduwaa kumwona mshonaji anatetemeka na kucheka kwa wakati mmoja, mpaka ngazi ikayumba.

Meneja akapaza sauti, "Wewe fundi, unacheka nini, huoni huyo ni mzuka?"

Naye akajibu kutoka huko juu, "Mzuka, bosi, lakini hajaja kuua mtu, ni mama mkwe, kaja kukagua masufuria!"

Basi Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, akakalishwa kando ya pazia na kipaza sauti mkononi, mbele ya watu ishirini na watatu katika viti mia tatu, akawatafsiria kila neno, na mlango wa jikoni ndani ya filamu ulipoanza kufunguka wenyewe akanyamaza kabisa, akawaacha na hofu yao, watu wakapiga mayowe, ndipo akauliza kwa sauti ya yule marehemu mkwe, "Chumvi hii katia nani?", na ukumbi ukaangua kicheko hata fundi wa mashine akasahau kubadilisha mkanda. Wiki iliyofuata viti havikutosha, filamu ile ikaonyeshwa Jumamosi arobaini na moja mfululizo, na saruji haikuingia humo hata mfuko mmoja. Alipoulizwa kwa nini watu wanaipenda hivyo, alisema kwamba ukiogopa peke yako unakosa usingizi, lakini ukiogopa pamoja na jirani, ukamwona naye kajificha nyuma ya mkoba wake, huwezi kujizuia kucheka.

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi huyo wa mashine, shemeji yetu, ambaye hadi leo hufumba macho mzuka ukitokea, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na wajukuu saba.

Mwishoni mwa mwaka 2016 alianza kuumwa koo, daktari akamweleza wazi kwamba upasuaji utaokoa uhai na kuondoa sauti, naye akaomba Jumamosi moja tu ya mwisho ukumbini, na tarehe 4 Februari 2017 akatafsiri filamu mpya ya mizuka na vichekesho ambayo hakuwahi kuiona, watu wakiwa wamekaa hadi kwenye ngazi, na ilipokwisha walisimama wakapiga makofi mpaka taa zote zikawashwa na meneja akakata tamaa ya kuwatoa. Alipasuliwa tarehe 7, akapona, na kwa miaka sita aliketi kando ya binti yake mkubwa aliyerithi kipaza sauti, akimfinya paja kila alipowahi kusema pale panapotaka kimya.

Aprili 2023 ugonjwa ulirudi, na Jumatano tarehe 19, saa nne asubuhi, alifariki dunia hospitalini akiwa na miaka sabini na mitatu, mume na watoto wakiwa wamemzunguka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupikia na kutubeba, mafundi wenzake wa dukani, na wafanyakazi wa ukumbi, ambao wametuarifu kwamba Jumamosi hii saa tisa milango itakuwa wazi kwa heshima yake na viti vyote vimeshachukuliwa.

Dada, umeshinda, sasa pumzika kwa amani.