Miaka Mitano Bila Chipukizi

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa mashamba yetu ya majaribio anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kwenye barua za ofisi ana jina refu. Kwetu sote ni Mzee Chekeche.

Alianza kwa kuhesabu mbegu. Kazi yetu, kwa wasioifahamu, ni kuchunguza jinsi mimea inavyozaana na kusambaa: ile ya asili, na ile iliyoletwa kutoka mbali ikageuka kuwa mvamizi. Ua letu la asili, lile dogo la zambarau la shamba la chini, hutoa mbegu pale tu nyuki wake anapolitembelea. Asipofika, mwaka umepita bure. Gugu vamizi linalotambaa halimsubiri yeyote. Kila kifundo cha shina lake kinaweza kuwa mche, kikipata unyevu tu.

Hilo Mzee alijifunza kwa uchungu. Mwaka wake wa tisa alikata gugu, akalianika juani wiki mbili, akaona limekauka kabisa, akalitandaza kati ya maua ya asili ili udongo usikauke. Mvua ziliponyesha, mashina yaliyoonekana kama kuni yakaota mizizi. Kufikia mwisho wa msimu, hapakuwa na ua hata moja.

Hakungoja kuulizwa. Aliingia kwa mkurugenzi wa wakati ule akiwa na matope hadi magotini.

"Mkuu, shamba la chini nimeliua mimi."

"Kwa hiyo umekuja kuaga?"

"Hapana. Nimekuja kuomba uniachie nilichimbe."

Akalichimba, akauchekecha udongo wake kwa chekeche la unga alilolitoa jikoni kwake: vipande vya shina vikibaki juu, mbegu ndogo zikipita. Mkewe, mwalimu asiyekosa la kusema, alilalamika kwamba chekeche lake limepata ajira kabla ya wanawe. Jina likamganda mumewe. Mwaka wa sita wa kuchekecha, miche kumi na mmoja ya ua la zambarau ikajitokeza yenyewe. Mbegu zilikuwa zimelala udongoni muda wote huo, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba zinaweza. Leo iko miche mia mbili na kumi na minne.

Kanuni yetu ni kwamba shamba hutangazwa safi likimaliza miaka mitano bila chipukizi hata moja la gugu. Mzee alitamani kutia saini tangazo la shamba la chini kabla ya kustaafu, wala hakulificha hilo. Aprili hii, zikiwa zimebaki wiki sita miaka mitano itimie, akiwa peke yake shambani, alikuta chipukizi lenye majani mawili kando ya jiwe. Angeling'oa na kunyamaza, nani angejua? Aliling'oa, akalibandika daftarini, akaandika tarehe na neno moja: "Bado." Hesabu ikaanza upya.

Dada wa maabara alimwonea huruma. "Baba, si ungetuachia sisi tulione?"

"Nyinyi? Mngeliona likiwa na mita tatu."

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, na asante zaidi kwa neno lile moja. Tangu uliandike tumekagua kila wiki, na hatujaona kitu. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na haraka, wewe na mwalimu. Miaka mitano ikitimia, tutakuletea daftari nyumbani. Saini ni yako.