Mzee Kasimiri Albano, Mchonga Misalaba Aliyechelewa Kuhubiri

Baba Paroko, masista, makatekista wenzake na marehemu, ndugu zetu Waislamu wa mtaa huu mliobeba msiba huu kama wa kwenu, na ninyi nyote mliokaa juani kwa sababu maturubai hayakutosha, Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Editha, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, kazi ambayo angependa kuifanya mwenyewe, maana katika miaka yake ya mwisho ya afya kumnyang'anya baba kipaza sauti ilikuwa shughuli.

Mzee Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, katika kijiji kimoja cha Newala, mkoani Mtwara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albano na Bibi Marietha, na jina alipewa kwa kuwa siku hiyo ndiyo sikukuu ya mtakatifu huyo. Babu yetu Albano alikuwa katekista, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na wazee wa kule bado wanasema kwamba alipoanza kuhubiri hata mwenye haraka alitua mzigo wake chini. Baba alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na alipomaliza, babu akataka aende kujifunza ukatekista, lakini kwa desturi yetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya mtoto, na mjomba wake, aliyekuwa fundi wa kuchonga mpingo, akasema kijana huyu ni wangu.

Baba alikuwa mtu wa kutotaka ugomvi, hivyo alimridhisha mjomba kwa kazi na akamridhisha babu kwa maneno, akimwambia kwamba yeye atahubiri kwa patasi, na kwamba Yesu wa mti huonwa na wengi kuliko anayetajwa mdomoni. Babu alifariki tarehe 19 Oktoba 1988, akiwa bado anauliza ni lini kijana wake atafungua mdomo.

Mwaka 1978 baba alikuja Dar es Salaam, akapanga chumba Sinza na baadaye akapata nafasi kwa wachongaji wa Mwenge, ambako alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, akichonga misalaba yenye mwili wa Bwana, misalaba iliyokwenda makanisa ya huku na ya ng'ambo, na ambayo ndiyo iliyotusomesha sisi watoto wake. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu Rosalia, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi Editha, Sebastian na Anna, kisha mwaka 2003 tukahamia hapa Chamazi, kwenye nyumba aliyoijenga taratibu, chumba kimoja baada ya kingine.

Ndugu waombolezaji, hapa inanibidi nisimulie jambo ambalo baba mwenyewe alilisimulia kila alipohubiri. Pale Mwenge alikuwa na mwenzake wa benchi moja, Ferdinand, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyejifunza kuchonga misalaba kwa baba, na hilo jina la Kikristo alipewa na bibi yake kwa kumshukuru daktari wa misheni aliyemzalisha mama yake, lakini kanisani hakuwahi kupelekwa hata mara moja. Walikaa pamoja miaka mingi, wakila sahani moja, na Ferdinand akajua mahali pa kila jeraha, ubavu upi, miguu ikipandana vipi, hata wateja wakashindwa kutofautisha kazi yake na ya baba.

Mwezi Machi 2015, katikati ya Kwaresima, walikuwa na oda kubwa ya kumalizwa kabla ya Pasaka, na Ferdinand, akiwa ameshika msumari mdogo wa miguuni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee Kasimiri, hivi huyu tunayempigilia misumari kila siku, alikosa nini?"

Baba alisema kwamba hapo ndipo alipojiona alivyo. Mtoto wa katekista, mchonga misalaba, amekaa na mtu benchi moja miaka yote hiyo na hajawahi kumsimulia. Na badala ya kuweka patasi chini akaeleza, akajibu kama sisi sote tunavyojibu tukiwa na kazi, "Tumalize oda kwanza, nitakwambia."

Oda ilimalizika, Pasaka ikafika, na kabla wiki haijaisha Ferdinand akapata habari ya msiba wa mkwewe huko Tunduru, akaenda, akapata kazi ya mbao huko huko, hakurudi. Alikuwa akipiga simu kila mwaka mpya, lakini baba alishikilia kwamba habari ile haisemwi kwa simu ya vocha ya mia tano, anayesimuliwa lazima aonwe usoni, na kwamba atafunga safari mwenyewe, leo, kesho, baada ya mavuno, baada ya mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia ni la baba.

Lakini swali lile lilimfungua mdomo. Kuanzia Pentekoste ya mwaka huo alianza kusimama mbele ya jumuiya yetu ndogondogo, akaomba mafunzo ya ukatekista akiwa na miaka sitini, akahubiri kwa wachongaji saa ya chakula, hospitalini, na misibani kama hapa, akisisitiza kwamba imani haiingii kwa mtu kupitia macho peke yake, lazima aambiwe, na anayejua akinyamaza basi asiyejua ataondoka hivyo hivyo. Watu wengi walibatizwa kwa mikono ya mapadre baada ya kusikia kwa mdomo wake, wengine wapo hapa. Hata jirani yetu Bi Hamida, ambaye ni Mwislamu safi, alikuwa akisikiliza kutoka uani kwake, na siku moja akamwambia mahubiri yake yamemuunguzia maharage. Baba alicheka, lakini jioni ilipofika akamwambia mama, nimewahubiria wote isipokuwa aliyeniuliza.

Tarehe 11 Februari 2024, akitoka kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, alipatwa na kiharusi, ambacho kilichukua mkono wa kulia na sauti yote. Mwezi Agosti Ferdinand akapata habari, akaja mpaka hapa nyumbani, akakaa kando ya kitanda, naye baba akamshika kwa mkono wa kushoto, akafungua mdomo, akahangaika, machozi yakamtoka, na mama akadhani ana kiu, tukamletea uji. Aliusukuma. Hatukuelewa hata mmoja wetu, na Ferdinand akaondoka siku ya pili.

Baba yetu alifariki hospitalini Ijumaa iliyopita, tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, presha ikiwa imepanda, akiwa na umri wa miaka 69, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachongaji wa Mwenge mliofunga kazi mkaja, jumuiya yetu, na Bi Hamida aliyetupa uwanja wake wote pamoja na sufuria zake.

Msalaba utakaosimama kaburini ameuchonga Ferdinand. Aliuleta jana mchana, akauweka barazani, akaniuliza kama baba aliacha jibu lake kwa mtu yeyote. Nyumba ilikuwa imejaa Wakristo, ndugu zangu, na mimi binti wa katekista, mjukuu wa katekista, nikamwambia asubiri kwanza tumalize maandalizi ya msiba. Neno lilishatoka ndipo nikalisikia, na tangu hapo sijapata raha.

Kwa hiyo Baba Paroko ameniruhusu niseme kabla hatujaondoka hapa. Kaka Ferdinand, naomba usimame nikuone. Hakukosa kitu. Yule mliyekuwa mkimchonga hakuwa na kosa lolote, makosa yalikuwa yetu, yangu na yako na ya huyu mzee aliyelala hapa, naye akakubali kuyabeba kwa sababu alitupenda. Akafa, wakamzika, na siku ya tatu akafufuka, na hilo la kufufuka baba alisema hakuna patasi inayoweza kulichonga, ndiyo maana lazima mtu alisimulie.

Ulipaswa kulisikia kwake, kwa sauti yake, miaka kumi iliyopita. Utusamehe.

Baba, tumemwambia, ingawa tumechelewa kama wewe, sasa pumzika kwa amani.