Marehemu Yotham Ndahani na Betri za Kilimani Kibakwe

Wachungaji, wazee wetu, shikamooni, na ninyi mliofunga ofisi mje kumsindikiza kaka yangu, mimi ni Nikodemo, mdogo wake niliyemfuata ziwa, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma yote, pamoja na sehemu niliyoiongeza mwenyewe asubuhi hii bila kumwomba mtu ruhusa.

Marehemu alizaliwa hapa Kibakwe tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Sostenes na Mama Emilia, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akajifunza ufundi wa simu, akaajiriwa na shirika la umma mjini Dodoma mwaka 1978, hadi alipopunguzwa kazi Novemba 1994 pamoja na wenzake wengi. Tarehe 20 Desemba 1984 alifunga ndoa na Hilda, wakajenga Chang'ombe, wakajaliwa watoto wawili, Elieza na Daudi.

Mwaka 1998 aliajiriwa na kampuni ya intaneti ya Bwana Thomas, ambaye yuko nasi hapa, akapewa kituo cha kilimani hapa, kilichorusha intaneti kwa misheni, sekondari na ofisi chache, nami nikawa mwangalizi wa kituo hicho. Mitambo yote iliwaka kutwa kucha kwa jenereta na betri nane, hata pasipokuwa na mtu aliyefungua kompyuta, na jambo hilo lilimkera kaka kama bomba lililoachwa wazi. Kufikia Agosti 2000 alikuwa amepanga mitambo isiyo na kazi ijizime, iamke wateja wanapoongezeka, na dizeli ya mwezi ikashuka kutoka mapipa matano hadi mawili.

Sasa nasoma niliyoiongeza, na Baba Mdogo, naomba uketi, nimalize. Tarehe 14 Februari 2001 jirani wa kituo alifiwa, watu wake wakaja kuomba betri za kipaza sauti cha msibani, nami, nikiona nusu ya mitambo imelala, nikadhani betri nne hazina kazi, nikawapa, maana kwetu hakuna anayethubutu kuwanyima wafiwa. Mchana wateja wakaingia kwa pamoja, mitambo yote ikaamka, betri zilizobaki zikaelemewa, umeme ukawa unakatika na kurudi, mtambo mkuu ukaungua, na Kibakwe ikakosa intaneti wiki mbili.

Kampuni ikaulaumu mpango wa kaka, ikaufuta, ikamwandikia barua ya tarehe 5 Machi kumvua cheo cha fundi mkuu. Yeye alijua, kwani betri nilizirudisha nikazifunga vibaya, naye akaziona, lakini aliniambia ninyamaze, kwa kuwa nilikuwa nimeoa wiki iliyotangulia, nami nikanyamaza miaka mitatu, nikiona aibu kila nilipokula mezani kwake. Shemeji Hilda, jambo hili unalisikia leo kwa mara ya kwanza, nisamehe.

Alianza kuugua shinikizo la damu Mei 2003, akapatwa na kiharusi tarehe 2 Februari 2004, akafariki tarehe 11, saa nne asubuhi, hospitalini Dodoma. Sisemi barua ilimuua, ila ilimuumiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chang'ombe waliolala nasi kwenye majamvi, wafanyakazi wenzake, na Bwana Thomas aliyetoa gari la kuleta mwili, ambaye namwomba mbele yenu aitoe barua ile kwenye faili la kaka, na kesho saa mbili nitakuwa ofisini kwake kupokea ya kwangu.

Kaka Yotham, pumzika sasa, kosa lile lilikuwa langu.