Mwanya wa Mzee Baneni

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuipiga picha shule yetu, Mzee Baneni anastaafu. Jarida la shule limenipa mimi wasifu wake kwa sababu naandika zaidi kuliko ninavyosema. Nimeuandika mara mbili. Ule wa lugha ya darasani ulitoka na adabu zake. Huu ni wa lugha ya nyumbani.

Jina hilo alilipata kazini. Kila mwaka, madarasa yakipangwa kwenye ngazi za bwalo, alipitisha ngumi yake kati ya mabega yetu. Ikipenya, anafoka: "Baneni! Mnaogopana nini, mna upele?" Tunacheka, tunabanana. Alisema jicho ni vivu, halihesabu watu. Likiona mabega yamegusana na nyuso zimeelekea upande mmoja, linasema hawa ni kitu kimoja. Likiona mwanya, linasema hawa, na yule.

Mimi ni wa kujibanza pembeni. Alikuwa akinishika bega, "Ingia mjukuu wangu, unatutoboa," na katika picha zangu zote za hapa naonekana kama mtu mwenye marafiki.

Walimu wasioamkiana mwaka mzima aliwatoa pichani kama ndugu wa tumbo moja. Wazazi waliziona picha hizo zilizobandikwa getini, wakaleta watoto wao wasome hapa.

Ijumaa iliyopita ikawa zamu yake: picha ya kuagana, yeye na wafanyakazi wote. Akaitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia na magoti yake mabovu hadi mwisho wa safu ya mbele, ubavuni mwa mhasibu. Mhasibu hakusogea. Hakuna aliyesogea. Mzee akautazama ule mwanya, akainua ngumi kidogo, akaishusha. Hakusema baneni. Kamera ikalia.

Makamu wa mkuu wa shule alipoiona alisema, "Imetoka vizuri, ila huyu wa mwisho anaiharibu. Si mumkate hapo kwenye mwanya?" Hakuwa na ubaya hata kidogo. Jicho lake lilikuwa limeshaamua.

Sisi wa jarida hatukukata. Iko hapo juu, nzima: wafanyakazi, na yule.

Asante, Mzee, kwa kutubananisha miaka yote. Huko uendako, tunakuombea watu wanaosogea bila kuambiwa.