Vikaragosi Ishirini na Vitatu vya Samuel Tsuma

Ndugu waombolezaji, mimi Charo Masha, mdogo wake marehemu, ndimi niliyeombwa na familia kuwasomea maisha ya kaka yangu Samuel Tsuma Masha, aliyezaliwa Kaloleni tarehe 14 Mei 1961, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1975, kisha akashuka Mombasa, akapakua mizigo kwenye ghala moja Shimanzi.

Mwaka 1986 aliajiriwa na Bwana Amin, muuza vitu vya kale pale Ndia Kuu, na humo dukani akajifunza kuvitambua vikaragosi vya zamani vya kuchezeshwa kwa nyuzi, vya Rajasthani, India, visivyo na miguu chini ya vazi refu, vya Sisilia vyenye fimbo ya chuma kichwani, vya Burma vyenye nyuzi chungu nzima, akinusa rangi, akihesabu matundu, nasi tukimcheka kuwa mtu mzima anacheza na wanasesere.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimuoa Ketty, wakajaliwa Janet na Mirriam.

Machi 2024 figo zilimlaza hospitalini wiki sita, akaniachia ufunguo wa sanduku la vikaragosi vyake ishirini na vitatu, alivyokusanya miaka yote hiyo, na alichotaka kabla ya kufa ni kuandika asili ya kila kimoja, avikabidhi makumbusho. Mimi nauza vinyago nje ya Ngome ya Yesu, na kwetu kinyago hakitoki bila msasa na kiwi ya viatu, basi kwa mapenzi nikavisugua vyote, nikaondoa rangi iliyobanduka, nikakata nyuzi zilizooza, nikatia nailoni mpya, vikang'aa.

Aliporudi alivishika kimoja kimoja mchana kutwa, akatambua vinne tu, maana rangi na nyuzi za zamani nilizoziondoa ndizo zilizomwonyesha kila kimoja kilikotoka, akafunga daftari alilotaka kuviandikia, wala hakunigombeza, na hilo ndilo linalonichoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, na vile kumi na tisa havina ajuaye vilikotoka, makumbusho wamevikataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mji wa Kale waliotupikia siku zote hizi, na Bwana Amin na wafanyakazi wenzake, waliofunga duka kuja kumzika.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mimi nilikunyima.