Mabomba ya Plastiki na Mtu Aliye Ghalani

Sogeeni, wanangu, mkae wote watatu mahali ninapoweza kuwaona, na mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ndogo na sitaki kuimalizia kwa kubishana. Wewe mkubwa, toka hapo dirishani. Binti yangu, kaa huku kichwani unipepee. Na wewe kitindamimba, acha kukunja ngumi, humu ndani huna wa kumpiga ila mzee asiyeweza hata kujigeuza ubavu. Najua mmekuja mkidhani nimewaita nigawe duka na nyumba. Nitagawa. Lakini kwanza niambieni, nani kawaambia kwamba ugonjwa umenitoa masikio? Tangu asubuhi nasikia mtu anapiga mateke mlango wa ghala. Nasikia mabomba yanaporomoka, na bomba la plastiki likianguka sakafuni sauti yake naijua kuliko ninavyozijua sauti zenu. Mmemfunga mtu mle ndani. Namjua ni nani, na najua mnachongoja: mnangoja niseme "muueni", au nife, lolote litakalotangulia.

Ni yule aliyemuua mama yenu. Kaingia jela kijana, katoka na mvi, na jana alipofika getini mlimrukia nyinyi wawili mkamvunja meno kabla hajamaliza kubisha hodi. Dada yenu alipowaambia mwacheni, wewe mkubwa ukamzaba kofi. Nililisikia kofi hilo nikiwa kitandani. Ningekuwa na nguvu zangu za zamani, mkono ule ningeupinda mpaka ulie kama mtoto, na mbele ya mkeo.

Nyamaza. Nimesema msinikatize.

Kitindamimba, wewe mama yako humjui. Ulikuwa hata kukaa hujaanza, na hawa wenzako walikuwa shuleni. Nyumba ilikuwa hii hii, ila mabomba yake yalikuwa ya chuma, yamepita nje ya ukuta wa nyuma, nimeyafunga kwa mikono yangu na kuyapaka rangi nikijiona fundi wa mafundi. Siku zile chuma chakavu kilikuwa kimewatia watu wazimu. Mchana kweupe vijana waling'oa mifuniko ya mitaro, nondo za madirisha, hata mageti ya makaburi. Akaja mmoja na spana kubwa, akapanda ukuta wetu, akaanza kung'oa bomba huku maji yakiruka. Mama yenu akatoka. Kijana akampiga kwa kipande cha bomba alichokuwa amekishika, mara moja tu, hapa, juu ya sikio. Nilipofika kutoka kazini nilimkuta amelala kifudifudi, ua mzima umejaa maji, na maji yale yalikuwa mekundu. Kipande cha bomba kilikuwa kando yake kina nywele. Majirani walimkamata kijana kwenye kona na kumpiga mpaka jicho likamtoka mahali pake, askari wakawahi kumnyang'anya. Mahakamani alisema neno moja tu, "Nilimpiga," akafunga kinywa.

Baada ya mazishi nilichukua nyundo na tindo nikaingia ukutani. Nilivunja plasta kuyafikia hata yaliyopita ndani, nikang'oa bomba baada ya bomba, mikono inachuruzika damu, na kila nililong'oa nikalitupa barabarani nikipiga ukelele, "Chukueni! Chukueni bure, mashetani nyie!" Watu wakasema mzee karukwa na akili. Labda. Lakini akili niliyobaki nayo ilinionyesha jambo: mabomba yale yalikuwa yameoza kwa ndani, kutu imejaa mpaka kidole hakipiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tunakunywa kutu, na kitu hicho hicho kikamwita mwizi akatuulia mtu.

Ndipo nikaingiza plastiki, hii PVC mliyoila, mkaivaa, na ikawasomesha. Fundi mmoja mzee wa mabomba ya chuma alinicheka mbele ya vibarua, akaniita Baba Plastiki, akasema najenga nyumba ya midoli. Nilimpiga kichwa cha pua, tukagaagaa kwenye zege bichi mpaka mwenye nyumba akatumwagia ndoo ya maji. Jina likabaki. Yeye pia baadaye alikuja kununua kwangu, na pua yake imepinda hivyo hivyo, nami nilimpunguzia bei kwa ajili ya pua.

Basi sikilizeni kazi, maana ndiyo urithi wenyewe, hayo mengine ni matofali. Bomba la plastiki mwizi hulitazama akaendelea na safari yake, kwa kuwa hakuna mwenye mizani atakayelinunua. Kutu haliijui. Kwa ndani ni laini, uchafu haupati pa kushika. Mtu mmoja hulibeba begani akapanda nalo ghorofani akipiga mluzi, wakati lile la chuma lilitaka wanaume wanne na matusi. Waya wa umeme upitisheni ndani ya bomba la plastiki kabla ya plasta, ili panya asiuguse, na siku mtu akipigilia msumari mahali pabaya ukuta usimrushe. Dari ya plastiki haijui mchwa, na paa likivuja mnaifuta kwa kitambaa. Mlango wa bafu wa mbao huoza miguu kila mwaka, wa plastiki hauozi. Fremu za madirisha za plastiki hazitaki rangi, nazo hufunga vizuri, vumbi na kelele za barabarani vikabaki huko nje. Mfereji wa paa, bomba la maji machafu, sakafu ya chumba cha wagonjwa inayooshwa kila saa, kote huko plastiki inakaa na kunyamaza.

Lakini msiwe wauzaji waongo. Maji ya moto msiyapitishe kwenye bomba la kawaida, litalegea na kujikunja. Msililaze juani, jua hulifanya likauke na kupasuka kama ganda la yai. Wala msichome mabaki yake, moshi ule ni sumu, ulimlaza kibarua wangu akitapika mpaka tukadhani tumempoteza. Mteja akiuliza, mwambieni yote, mazuri na mabaya. Binti yangu... nipe maji. Kidogo tu. Hapo.

Duka nampa binti. Duka, ghala, na kila kilichomo. Mkubwa, usinikunjie uso, sijamaliza kufa. Nilipougua nani aliyefungua duka kila asubuhi? Nani anayejua bomba gani limekaa juani kwa muuzaji na lipi halijakaa, kwa kuligonga tu kwa ukucha? Wewe nakupa vifaa vyangu vyote, mafundi, na wateja wanaotuamini, na ukitaka bomba utakwenda dukani kwa dada yako, utamwamkia kwa adabu, utanunua kama mteja mwingine. Na kabla jua halijazama utamwomba radhi kwa kofi lile, tena mbele ya mkeo, maana ndiye aliyeliona.

Kitindamimba, wewe nakupa kiwanja cha nyuma ya shule, ukajenge. Una mkono mzuri wa kazi, kuliko wa kaka yako, kuliko wangu. Ila una ila moja inayoniumiza kichwa. Unapaka gundi, unasukuma bomba, unalizungusha robo duara, vizuri kabisa, halafu huwezi kungoja. Unafungulia maji gundi haijashika, kiungo kinafumuka, ukuta unalowa, unaanza kumtukana aliyetengeneza gundi. Hasira hasara, mwanangu. Na nyumba hii ni yenu wote watatu, haiuzwi, haigawanywi, atakayeweka ukuta katikati yake nitamjia usingizini.

Sasa tumwendee mtu wa ghalani.

Mnadhani mimi namhurumia? Wanangu, nimemuua mtu yule kila siku. Nimemuua nikikata bomba kwa msumeno, nimemuua nikichimba msingi, nimemkaba koo nikiwa nimeshika bakuli la uji. Hakuna mbinu mliyoifikiria nyinyi ambayo mimi sijaichoka. Nilijua siku atakayotoka, na nilijua alikopanga chumba. Nikamtuma dada yenu ampelekee salamu, akamwambie, mzee anakuita, njoo. Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwita. Dada yenu alitaka kuwaambia hilo pale getini, ukamjibu kwa kofi. Na yule mtu akaja. Angeweza kukimbilia mji mwingine, akaja kwa miguu yake kwenye nyumba ya mtu aliyemuulia mke.

Mnaniuliza nilimwitia nini. Nilimwitia neno moja. Mimi niliondoka asubuhi mama yenu akinikumbusha nisisahau kofia, na tangu hapo sikumsikia tena. Yule mtu ndiye wa mwisho kuisikia sauti yake. Mkimuua kabla hajaniambia alisema nini, mtakuwa mmemuua mama yenu mara ya pili, na mimi mtakuwa mmenifukia ningali na swali kooni. Mnataka damu, na damu ikimwagika haizoleki zaidi ya maji. Mtakwenda jela, duka litaliwa na mawakili, na watoto wenu watakua wakisimuliwa mabaya yenu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mleteni. Mfungueni miguu atembee, mikono iacheni kwanza. Kitindamimba, nenda wewe na kaka yako, na atakayempiga njiani nitajua.

...

Mkalisheni kwenye kigoda. Mtoeni hicho kitambaa mdomoni. Hee. Umezeeka, wewe. Mimi nilikuwa nakuua ukiwa kijana. Usipige magoti, sikukuitia magoti, kaa. Binti, mpe maji, mdomo wake umejaa damu hawezi kusema.

Nakuuliza, unijibu kama utakavyomjibu Mungu, kwa kuwa sote wawili zamu yetu iko karibu. Mke wangu alisema nini?

Sema kwa sauti. Alitokea jikoni, naam. Akakujia mbio. Ukadhani anakuja kukushika. Hayo nayajua. Alisema nini? Usilie, sema.

Rudia.

Rudia tena, hawa wasikie.

"Funga maji, mtoto amelala chini."

Mungu wangu. Mungu wangu wee. Hakuwa anakukimbilia wewe, mpumbavu. Alikuwa anaikimbilia koki kuu, na wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Bomba limefumuka, maji yanaingia chumbani, na mtoto yuko kwenye mkeka. Mwizi kashika chuma mkononi, yeye anamtuma afunge maji kana kwamba ni kibarua wangu. Huyo ni mke wangu. Huyo ni yeye kabisa. Binti, nishike, nacheka, au sijui nafanya nini... nishike.

Halafu? Baada ya kumpiga, halafu? Unasema nini... ulifunga? Wewe? Uliruka mwili wake ukaenda kwenye koki ukafunga, ukachungulia chumbani ukamwona mtoto mkavu? Ndiyo maana walikukuta pale kwenye kona tu. Na mahakamani ukanyamaza, kwa sababu uliona ni aibu kujitetea kwa kufunga koki. Nami miaka yote hii nilidhani ni jirani aliyefunga maji, nikamshukuru, naye mjinga akapokea shukrani.

Kitindamimba. Uko wapi? Njoo huku mbele, macho yangu yanafifia. Umesikia neno la mama yako? Hakuniita mimi. Hakumwita Mungu. Mtoto aliyelala chini ni wewe. Neno lake la mwisho lilikuwa amri, na aliyelitii ni huyu huyu uliyemvunja meno jana.

Wewe mtu, sikiliza. Sikusamehi. Nimeutafuta msamaha huo ndani yangu sijauona, na sitaki kufa nikisema uongo. Lakini utatoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu yako, na hakuna wa ukoo wangu atakayekugusa, leo wala nikisha kwenda. Wanangu, hilo ndilo sharti la radhi yangu. Atakayemwaga damu yake, duka si lake, kiwanja si chake, na kaburini kwangu asifike.

Mnizike mapema, bila makelele. Jeneza la mbao za kawaida tu, msije mkanitengenezea la plastiki mkasema ndivyo mzee alivyopenda, nawajua. Pendaneni... mkubwa, msikilize dada yako. Binti, wavumilie hawa, ni wakali kwa sababu waliogopa wakiwa wadogo. Mungu awape kazi isiyokwisha na nyumba zisizovuja. Radhi yangu... mnayo. Wote watatu. Nawaachia... mikononi mwenu.

Bado kamba. Mikono yake. Kisu kiko hapo kwenye sinia... si wewe mkubwa. Wewe, kitindamimba. Wewe ndiye umkate kamba. Piga goti hapo nyuma yake... ndiyo. Shika kamba kwanza, mwanangu. Taratibu. Usimkate ngozi.